Viza ya kumfuata mwenzi Ubelgiji: namna ya kuandaa dosie ukiwa Lubumbashi

Dosie ya mdogo wangu ilikwama kwa sababu ya herufi mbili. Katika cheti chake cha kuzaliwa jina limeandikwa Ngoy, katika pasipoti ni Ngoy, lakini siku ya ndoa karani wa komine (ofisi ya serikali ya mtaa) moja ya mji wetu aliandika Ngoie, kwa kuwa ndivyo wanavyoandika kwao. «Mama, jina ni lile lile,» aliniambia nilipomrudia na karatasi mkononi, na kwa masikio ya Lubumbashi alisema kweli. Afisa anayesoma karatasi hiyo Brussels hana masikio yetu. Yeye anaona wanawake wawili, mmoja aliyeolewa na mwingine anayeomba viza. Kusahihisha herufi hizo mbili kulitupeleka mahakamani, tukangoja hukumu, tukangoja muda wa rufaa upite, kisha tukaanza upya safari ya mihuri. Na shemeji yangu, aliyekwisha kununua kitanda cha watu wawili kule Liège, akalala peke yake majira mengine mazima ya baridi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye karatasi za hapa nyumbani kuliko kwenye fomu ya viza, ambayo mtu yeyote aliyesoma anaweza kuijaza jioni moja.

Mwenzi wako anahesabiwaje kule

Swali la kwanza halimhusu mwombaji bali mwenzi wake aliye Ubelgiji, ambaye hapa nitamwita mdhamini: je, anakaa huko kwa haki gani? Sheria inayotawala mambo haya ni ile ya tarehe 15 Desemba 1980 kuhusu wageni, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Ikiwa mdhamini ana uraia wa Ubelgiji, ombi litapimwa kwa kifungu cha 40ter. Ikiwa ni Mkongomani mwenye kibali kisicho na kikomo, kwa kifungu cha 10. Ikiwa kibali chake kina kikomo, kama cha wanafunzi na wafanyakazi wengi, kwa kifungu cha 10bis. Na ikiwa ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, tuseme Mfaransa anayefanya kazi Namur, kwa kifungu cha 40bis, ambacho masharti yake ni mepesi kuliko ya vingine na ambacho viza yake hailipiwi.

Mwambie akutumie picha ya kadi yake, mbele na nyuma, kabla hamjatumia hata faranga moja. Kadi A ni ya muda, kadi B ni ya bila kikomo. Nilikutana na mama mmoja wa Katuba aliyekuwa amekwisha kulipia karatasi zake zote kwa sababu mume wake alimwambia kwamba «makaratasi yametoka», kumbe kilichotoka ni ile kadi ya rangi ya machungwa wanayopewa watu wanaongoja jibu la ombi la hifadhi, nayo haimpi mtu haki ya kumwita mke wala mume. Simlaumu sana yule bwana. Mtu aliye mbali hupenda kutuma habari njema. Lakini picha ya kadi haina aibu, nayo ingemwokolea mama yule pesa nyingi.

Nje ya njia ya 40bis, kwa kawaida mume na mke wote wawili wawe wametimiza miaka 21, ingawa sheria yetu ya Kongo inaruhusu ndoa kuanzia miaka 18. Mdhamini naye anapaswa kuonyesha mapato, nyumba na bima ya afya. Kwa nyumba, huleta mkataba wa pango uliosajiliwa au hati ya umiliki. Kwa bima, huleta barua ya mutuelle (chama cha bima ya afya) inayosema kwamba familia itaandikwa. Mapato ndiyo yanayowaangusha wengi. Tangu tarehe 18 Agosti 2025 kiwango kimepandishwa: mdhamini Mbelgiji au Mkongomani anatakiwa kupata asilimia 110 ya mshahara wa chini wa mwezi unaohakikishwa na nchi hiyo, na asilimia 10 nyingine kwa kila mtu wa familia anayeongezeka. Msaada unaotolewa na CPAS, ofisi ya ustawi wa jamii ya kule, hauhesabiwi kuwa mapato. Watu wanaofuata ushauri wa jamaa waliosafiri miaka ya nyuma bado wanapiga hesabu ya zamani, iliyokuwa chini zaidi, kwa hiyo mdhamini asome mwenyewe kiwango cha sasa kwenye tovuti ya Office des étrangers, yaani ofisi ya uhamiaji ya Ubelgiji.

Aliyetambuliwa kuwa mkimbizi anasamehewa masharti haya matatu endapo familia yake itaweka ombi ndani ya miezi 6 tangu atambuliwe (zamani ulikuwa mwaka mzima), na endapo ndoa ilikuwepo kabla hajaingia Ubelgiji. Kwa mke wa mkimbizi, basi, kuchelewa wiki mbili kunaweza kumhamisha kutoka njia nyepesi hadi njia nzito.

Ndoa ipi inayohesabiwa

Kwetu mtu huoa mara tatu: kwa wazazi, kanisani, na komine. Wazee huona ile ya kwanza kuwa ndiyo ndoa, na mchungaji huona ni ile ya pili, lakini ubalozi hutaka cheti cha ndoa kilichoandikwa na afisa wa hali ya kiraia (acte de mariage). Barua ya kanisa, hata ikiwa na mhuri mzuri wa rangi ya zambarau, haiwezi kukaa mahali pake. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaruhusu ndoa kufungwa katika familia kwa mila, ila inataka wanandoa waende mbele ya afisa wa hali ya kiraia ndani ya mwezi mmoja, kila mmoja na shahidi wake, ili ndoa iandikwe. Wengi wetu huacha mwezi huo upite kwa sababu ya uchovu wa sherehe na madeni yake, na baadaye huandikisha ndoa wiki chache kabla ya kuomba viza, jambo linalofanya ndoa ya miaka sita ionekane kama ya juzi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwenu, weka ndani ya dosie ushahidi wa siku ya mahari na mweleze mambo kama yalivyokwenda.

Sheria yetu inaruhusu pia mtu kuwakilishwa kwenye ndoa yake, kwa sababu nzito na kwa idhini ya hakimu wa mahakama ya amani. Kwa ushauri wangu, msitumie njia hiyo kama kuna uwezekano wowote wa mdhamini kupanda ndege. Siku aliyosimama komine mwenyewe, na mhuri wa uwanja wetu wa ndege wa Luano ukaachwa ndani ya pasipoti yake, itajibu maswali mengi ambayo vinginevyo mngeulizwa ninyi.

Aliyewahi kuoa au kuolewa kabla anapaswa kuonyesha kwamba ndoa ile ilikwisha kisheria. Kurudisha mahari kwa wazee kunaweza kumaliza maneno nyumbani, lakini ndoa iliyoandikwa komine huvunjwa na mahakama tu. Leta hukumu ya talaka pamoja na cheti cha kwamba haikukatiwa rufaa (certificat de non-appel), au cheti cha kifo ikiwa mwenzi wa kwanza amefariki.

Karatasi ya kuzaliwa

Hapa ndipo ningemwomba msomaji aende polepole. Watu wengi wa rika letu hawakuandikishwa walipozaliwa, au waliandikishwa na karatasi ikapotea. Wanachokuwa nacho ni attestation de naissance, karatasi ambayo komine huitoa kwa haraka kwa ajili ya shule au kazi. Hiyo siyo acte de naissance. Asiye na cheti chenyewe huenda mahakamani kuomba hukumu inayoziba pengo hilo (jugement supplétif). Mtu mzima huwasilisha ombi lake katika mahakama ya amani, hupata hukumu, hungoja muda wa rufaa, huchukua kwa karani wa mahakama kile cheti cha non-appel, kisha hupeleka vyote komine ili cheti cha kuzaliwa kiandikwe kufuatana na hukumu. Kila hatua ina karatasi yake, na zote huingia katika dosie. Mtu akipeleka cheti peke yake bila hukumu iliyokizaa, ataulizwa imekuwaje mtu wa mwaka 1992 aandikwe mwaka 2025.

Siku ya kuchukua karatasi yoyote, komine au mahakamani, usiondoke dirishani kabla ya kuisoma. Mimi sasa hufanya hivi: naweka pasipoti juu ya kaunta, naweka karatasi mpya pembeni yake, kisha nasoma herufi moja moja kwa kidole, jina, postnom (jina la pili la kwetu), jina la ubatizo, siku, mwezi, mwaka, mahali pa kuzaliwa, majina ya baba na mama. Makarani hukunja uso na foleni huguna nyuma yangu. Angalia hasa majina yetu yenye tahajia nyingi, Ngoy na Ngoie, Kyungu na Kiungu, na mpangilio wa majina matatu, kwa sababu Ulaya wanajua jina la familia na jina la kwanza tu, na postnom huhamishwa huku na huko. Angalia pia mahali pa kuzaliwa: aliyezaliwa Likasi asiandikwe Lubumbashi kwa kuwa tu ndipo anapoishi. Kosa likionekana siku hiyo hiyo, karani hurekebisha kabla ya kutia saini. Likionekana baada ya mwezi, ni kazi ya mahakama.

Sitaacha kuwataja makomisyonere wanaosubiri nje ya ofisi. Wapo wanaofanya kazi halali ya kukushikia foleni, na wapo wanaokuletea cheti kilichokamilika jioni ile ile bila wewe kuonekana popote. Ubalozi unaweza kutuma mtu kwenye daftari la komine kutafuta namba ya cheti chako, na namba isipokuwepo, ukweli wote mwingine uliouleta hautasikilizwa tena.

Mihuri, na kipi kitangulie

Karatasi za Kongo hazitumiki Ubelgiji mpaka saini zake zithibitishwe (légalisation), kwanza na wizara yetu ya mambo ya nje, halafu na ubalozi wa Ubelgiji. Lubumbashi tuna ubalozi mdogo mkuu wa Ubelgiji, jambo ambalo miji mingi ya Kongo haina, lakini uliza kabla ni kazi zipi zinazopokelewa hapa na zipi zinapelekwa Kinshasa, kwa sababu mpango huo hubadilika na tiketi ya ndege ya kwenda Kinshasa ni ghali kuliko simu moja. Fahamu pia kwamba muhuri huo unathibitisha kuwa saini ni ya ofisa kweli. Hauthibitishi kuwa yaliyoandikwa ni sahihi. Faida yetu moja ni kwamba karatasi za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo hatulipi mtafsiri.

Mpangilio wa muda una maana kubwa, kwa sababu baadhi ya karatasi huzeeka. Hati ya rekodi ya jinai (extrait de casier judiciaire) na cheti cha daktari anayetambuliwa na ubalozi havitakiwi kuzidi miezi sita siku ya kuweka ombi. Ukianza navyo kwa kuwa ni vyepesi, vitakufa mkononi huku ukingojea hukumu ya mahakama. Anza basi na cheti cha kuzaliwa, kifuate cheti cha ndoa, kisha pasipoti, ambayo iandikwe kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Zikisharudi kutoka kwenye mihuri, ndipo uende kwa daktari na kuomba rekodi ya jinai, na ndipo mdhamini atume karatasi zake za mshahara, ambazo nazo zinatakiwa kuwa za karibuni.

Malipo ni mawili na watu huyachanganya. Kuna ada ya viza yenyewe, na kuna mchango (redevance) unaolipwa moja kwa moja kwa Office des étrangers kwa njia ya benki. Ni rahisi zaidi mdhamini aulipe akiwa Ubelgiji, mradi kwenye maelezo ya malipo aandike jina, uraia na tarehe ya kuzaliwa ya mwombaji, si yake yeye. Dosie inayodaiwa mchango huo na isiyo na uthibitisho wa malipo haichunguzwi.

Kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli

Ofisi za uhamiaji huchunguza kama ndoa ilifungwa kwa ajili ya kibali tu, na zikiwa na shaka huwaita wote wawili, mmoja huku na mwingine kule, na kulinganisha majibu. Maswali huwa ya kawaida: mlikutana wapi, nani aliwajulisha, mahari ilikuwa nini na nani aliipokea, mume anafanya kazi saa ngapi, ndugu zake ni wangapi. Wanaoanguka si waongo peke yao. Huanguka pia wasiojua mambo ambayo kwetu mke haulizi. Mdogo wangu hakujua mahari yake yote, kwa kuwa wajomba ndio waliokaa chumbani na wageni huku yeye akingoja kwa jirani. Na cheti cha ndoa kinataja mahari! Alikwenda kwa mjomba siku tatu kabla ya mahojiano, akahesabiwa mbuzi, vitenge, suti ya baba na bahasha, na mjomba akacheka mpaka akakohoa. Usikariri hadithi, uliza wazee wako ukweli, soma tena cheti chenu cha ndoa, na usipojua kitu sema hujui.

Kwa ushahidi wa karatasi, chagua vichache vinavyoonyesha miaka: picha za mahari ambamo familia zote mbili zinaonekana, tiketi na mihuri ya safari za mdhamini, risiti za pesa alizotuma mwezi kwa mwezi, na kurasa chache za mazungumzo ya simu kutoka nyakati tofauti. Nimeona mtu akichapisha kurasa mia tatu za WhatsApp pamoja na maneno ya usiku. Hakuna afisa atakayezisoma, na anayesoma asingepaswa kuzisoma.

Watoto waandikwe wote tangu ombi la kwanza, hata wale watakaobaki kwa bibi kwa sasa, kwa sababu mtoto anayetajwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu huleta mashaka juu yake na juu yako. Mtoto wa mahusiano ya awali anayesafiri na mzazi mmoja huhitaji ruhusa ya mzazi mwingine, iliyothibitishwa saini, au hukumu ya malezi.

Kungoja, na kukataliwa

Uamuzi hufanywa Brussels, si kwenye dirisha ulipoweka karatasi, kwa hiyo kumsihi karani wa Lubumbashi hakusaidii. Kwa familia za wageni wasio wa Umoja wa Ulaya, kanuni ya Umoja huo ya mwaka 2003 kuhusu muungano wa familia inatoa hadi miezi 9, na katika mambo magumu muda huongezwa. Usiache kazi na usiuze fenicha siku ya kuweka dosie. Mdhamini akihama nyumba au akibadili kazi katika kipindi hicho, atume karatasi mpya mara moja, kwani masharti hupimwa kwa hali aliyo nayo.

Jibu likiwa hapana, barua itaeleza sababu, na una siku 30 tangu upokee uamuzi kukata rufaa katika Conseil du contentieux des étrangers, baraza lililoko Brussels. Mdhamini atafute wakili huko. Asiye na uwezo anaweza kuomba wakili wa pro deo, yaani wa msaada wa kisheria. Lakini soma sababu kwa utulivu kabla ya kuamua. Baraza hilo, kwa viza za aina hii, huangalia kama uamuzi ulifuata sheria kwa karatasi zilizokuwepo. Halipo kwa ajili ya kupokea karatasi uliyoisahau. Ikiwa kilichokosekana ni mkataba wa pango, dosie mpya iliyokamilika mara nyingi hufika haraka kuliko rufaa. Ikiwa wameiita ndoa yenu ya uongo, hapo kata rufaa, maana neno hilo litabaki katika faili lenu.

Ukifika

Viza hiyo ni ya aina ya D, nayo hukufikisha mlangoni tu. Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie Ubelgiji nenda na mwenzi wako kwenye komine mtakapoishi. Polisi wa mtaa atapita nyumbani kuhakikisha kwamba mnaishi pamoja, ndipo kadi itengenezwe. Jina lenu liwe limebandikwa kwenye kengele na kisanduku cha barua, kwa sababu polisi akikosa jina huondoka. Jua pia kwamba kwa miaka 5 ya kwanza kibali chako kinategemea maisha ya pamoja na mwenzi wako: mkiachana, kinaweza kuondolewa. Sheria ina vighairi, na kimojawapo ni kwa anayepigwa au kuteswa nyumbani, ambaye hapaswi kuvumilia kwa kuogopa kadi. Apate ushahidi wa daktari au polisi na amwone wakili.

Karatasi za asili zisafiri ndani ya mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku la chini, maana komine ya kule itataka kuziona tena, hasa cheti cha ndoa, ambacho huandikwa upya katika daftari lao ikiwa mwenzi wako ni Mbelgiji. Na kabla hujaenda Luano, omba komine nakala nyingine kamili ya kila cheti, uipeleke kupigwa mihuri kama ile ya kwanza, umwachie mtu mmoja nyumbani asiyepoteza vitu. Kwetu ni mama. Ameziweka katika mfuko wa plastiki, chini ya godoro, na anajua kila moja inaitwaje kwa Kifaransa.